Saada Alisema Amekubali

Jumapili, Februari 1971

Joto la leo halina huruma. Nimefungua madirisha yote mawili na hewa haijaingia. La kwanza linatazama ukuta wa jirani, la pili pia. Shangazi kalala ukumbini kwenye sakafu tupu. Mimi nimekaa na daftari la shule. Nataka kuandika yaliyotokea wiki hii kabla sijaanza kujitafutia udhuru.

Kosa ni langu. Hilo litangulie.

Asubuhi mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Jioni huandika mchezo wa redio wa kikundi chetu, Mjane wa Kiponda, unaotoka kila Ijumaa saa kumi na moja. Mjane mwenyewe ni Saada. Mumewe alimpa nyumba kabla hajafariki, na sasa shemeji yake, Nassor, anataka kumuoa ili nyumba isitoke kwenye ukoo. Kwa wiki kumi na tisa Saada amekataa. Amekataa kwa upole, amekataa kwa ukali, wiki moja alikataa kwa kunyamaza tu na watu wakatuandikia barua kuuliza kama redio zao zimeharibika.

Kila wiki, kabla ya mchezo wenyewe, hutolewa kionjo. Ni maneno ya nusu dakika ya kumfanya msikilizaji asikose Ijumaa. Vionjo navyo naandika mimi. Na vionjo, tuseme ukweli, vimekuwa vikidanganya tangu mwanzo. Mara moja tulitoa ukelele wa Saada, watu wakakaa roho juu siku sita, na Ijumaa ikawa paka kapindua chungu. Hakuna aliyelalamika. Walicheka.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya serikali kwa mara ya tatu kuulizia ruhusa yangu ya kutoka kisiwani kwenda Tanga aliko mume wangu. Niliambiwa nirudi mwezi ujao. Nilitoka pale nikapanga foleni ya mchele, na zamu yangu ilipokaribia, mchele ukaisha. Nilifika kwenye chumba cha kurekodi nimechoka mpaka kwenye mifupa. Mzee Othman, msimamizi wa kikundi chetu, alikuwa kasimama mlangoni.

"Mwalimu, wiki hii nataka kionjo kitakachowakamata watu. Barua zimepungua."

Nikaandika pale pale, karatasi juu ya goti. Nassor anauliza: "Saada, jibu lako?" Kimya kidogo. Kisha Saada: "Basi. Nimekubali."

Dakika kumi hazikufika. Nilipanga kuwa Ijumaa tutajua Saada alikuwa anaota. Bi Time, anayemwigiza Saada, aliusoma mstari ule kwa sauti ya mtu aliyeweka mzigo chini baada ya mwendo mrefu. Mimi nilifurahi. Naandika hili kwa aibu, lakini nilifurahi.

Jumamosi kionjo kikaanza kutoka, mara nne kwa siku.

Jumanne, wakati wa mapumziko, nikaitwa kuwa nina mgeni. Nilimkuta mwanamke amekaa kwenye baraza ya shule, mikeka mitatu imekunjwa pembeni yake. Alisema anaitwa Mwanakheri, anatoka Chwaka, na kila wiki huleta mikeka mjini kuuza Darajani. Umri wake nilikisia wangu, au unazidi kidogo. Hakuzunguka maneno.

"Wewe ndiye unayemwandika Saada?"

"Naam, ni mimi."

"Kakubali kweli?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia, "Bi Mwanakheri, kile ni kionjo tu. Hakihesabiwi. Subiri Ijumaa."

Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto hesabu. Mumewe kafariki mwaka juzi. Anakaa katika nyumba ya marehemu baba yao pamoja na kaka yake, Ame, na huyo Ame kamtafutia mume, rafiki yake mwenye wake wawili tayari. Kwa miezi minne Bi Mwanakheri amekataa. Kila Ijumaa wote wawili husikiliza redio kwa jirani, na kila Saada akikataa, yeye hurudi nyumbani akiwa na nguvu ya wiki nyingine. Kaka mtu alikuwa haoni la kusema.

"Jumamosi kasikia hicho kionjo chako. Kaja mbio. Kaniambia, hata yule wa redio keshakubali, wewe nani? Kesho yake kampelekea mwenzake habari kuwa waje kuposa Jumatatu ijayo."

"Lakini si kweli," nikasema. "Haimo kwenye mchezo. Haihesabiwi."

"Haihesabiwi kwa nani? Kwenu haihesabiwi. Kwetu ishahesabiwa."

Kengele ikalia. Akabeba mikeka yake, akaondoka zake. Niliingia darasani nikawaandikisha watoto imla, na sikumbuki hata neno moja nililowasomea.

Jumatano nilikwenda kwa Mzee Othman kumwomba kitu kidogo tu: kabla ya mchezo wa Ijumaa, mtangazaji aseme kuwa vionjo si sehemu ya hadithi. Bi Time alikuwepo, anakunywa kahawa.

Mzee Othman alinitazama kana kwamba nimemwomba aivue kanzu yake barabarani.

"Mwanangu, sauti ya Saada imesema nimekubali. Watu wameisikia siku nne. Leo nitoke niseme haikuwa Saada? Nani atatuamini tena? Kionjo ni sehemu ya mchezo. Kilichotoka kimetoka."

"Na yule paka je, Mzee? Na ule ukelele?"

"Ukelele si neno." Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua, rundo zima. "Tazama. Wanataka harusi. Kuna walioandika watachangia beti za nyimbo. Niandikie harusi, Mwalimu. Yenye ngoma."

"Nilitaka iwe ndoto."

"Ndoto ni utapeli."

Kilichoniuma ni kuwa nilimwafiki. Ndoto ilikuwa utapeli kweli. Kusema kionjo hakihesabiwi nako kulikuwa utapeli, baada ya yale niliyoyasikia kwenye baraza ya shule. Bi Mwanakheri hakuota. Asubuhi ile ya Jumamosi neno lilikuwa neno, na mwenye neno alikuwa mimi.

Lakini nikilihesabu, Saada anaolewa. Na akiolewa Saada, Jumatatu kule Chwaka hakuna tena wa kukataa.

Nilirudi nyumbani nikaandika harusi. Ndiyo, niliiandika. Kurasa nane, ngoma ndani yake, vigelegele, Nassor anacheka. Niliandika kwa utiifu mkubwa, na kila ukurasa uliomalizika nilihisi mlango mwingine unafungwa nyuma yangu. Nilipofika mahali Saada anapoulizwa mbele ya mashahidi, kalamu ilikataa. Si kwamba sikujua la kuandika. Nililijua vizuri mno.

Alfajiri nikachukua karatasi mpya mbili.

Alhamisi chumba cha kurekodi kilikuwa kama tanuri. Chumba hakina dirisha, kimezungushiwa mapazia mazito ili sauti za nje zisiingie, na mlango ukifungwa hutoki mpaka tepu iishe. Nilimpa Bi Time kurasa nane za harusi, na chini yake zile mbili. Sikumwambia kitu. Alizisoma zote akiwa amesimama, kisha akamwendea Mzee Othman.

"Mzee, hii ya harusi nshaisoma. Sauti haitoki."

"Haitoki vipi?"

"Haitoki tu. Hii nyingine inatoka."

Mzee Othman akazichukua zile mbili. Nilimtazama macho yake yakishuka mstari kwa mstari. Katika kurasa hizo Nassor amekuja na mashahidi na kitambaa cha harusi, na Saada anasema: "Nilisema nimekubali. Sikatai kuwa nilisema. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka husema lolote ili aachwe alale. Leo nimeamka. Leo sikubali."

"Mwanamke hawezi kugeuka hivi," akasema Mzee Othman.

"Ulisema kionjo kihesabiwe," nikamjibu. "Nimekihesabu. Sikulifuta neno lake hata moja."

Fundi akagonga kioo cha chumba cha mitambo kuwa muda unakwenda. Tepu ilikuwa moja, na chumba kilikuwa chetu mpaka saa tisa tu. Bi Time alikuwa keshakaa mbele ya maikrofoni, mikono kwenye mapaja, anasubiri. Ana miaka hamsini na mbili na nimesikia kuwa naye aliolewa mara mbili bila kuulizwa. Mimi sikumuuliza.

Mzee Othman akanirudishia karatasi. "Rekodini. Lakini hii ni ya mwisho kuandika wewe, Mwalimu. Wiki ijayo namtafuta mwingine."

Ijumaa nilisikiliza hapa na Shangazi. Bi Time alipofika kwenye "leo nimeamka", Shangazi aliacha kuchambua mboga. Baada ya mchezo akaniuliza kama chumvi imebaki.

Jana nilikwenda Darajani. Nilimkuta Bi Mwanakheri mahali pake, mikeka imetandazwa, lakini safari hii pembeni yake kulikuwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Nikakaa juu ya mkeka wa kuuza.

Alinisimulia. Ijumaa, mchezo ulipokwisha, kaka yake alisimama pale pale kwa jirani akasema yule wa redio ni mwendawazimu na Jumatatu iko pale pale. Bi Mwanakheri naye akasimama. Akasema mbele ya jirani na wake wa jirani kuwa hakubali, hakukubali, na asihangaishwe mtu kuja. Ame akamwambia basi na nyumba ya baba yao hana. Jana asubuhi gari ya shamba imemleta na vitu vyake. Anakaa kwa rafiki yake mtaa wa Ng'ambo, chumba kimoja, watu watano.

"Nisamehe," nikamwambia. "Umeikosa nyumba kwa sababu yangu."

"Nyumba kaichukua," akasema. "Mimi hakunichukua." Kisha akanisukuma bega kwa mkono, akiniondoa juu ya mkeka. "Unaukunja, Mwalimu."

Akauza mkeka mmoja mbele yangu, akakunja hela kwenye pindo la kanga. Nilitaka kumwambia jambo la kumtia moyo, lakini yeye ndiye aliyekuwa na swali.

"Sasa Saada atakula nini?"

"Vipi?"

"Keshamkataa shemeji yake. Ukoo utamsusa. Nyumba anayo, lakini ukuta hauliwi. Wiki ijayo atakula nini?"

Nikamwambia wiki ijayo si mimi ninayeandika. Nikamwambia kuwa mwenye kuandika ni mtu mwingine, na huenda akamwoza Saada kwa Nassor siku ya kwanza.

Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani hakulala.

"Huyo mwingine atamwandika wa kwake," akasema. "Mimi nakuuliza huyu wetu."

Nimerudi na swali hilo na halijaniacha tangu jana. Sina kazi ya redio tena, sina ruhusa ya Tanga, nina madirisha mawili yanayotazama ukuta. Na kuna mwanamke Ng'ambo aliyelala chumba cha watu watano kwa sababu ya karatasi mbili nilizoandika alfajiri, ambazo zilitokana na nusu dakika niliyoandika nimechoka. Sijui kama nimemtoa shimoni au nimembadilishia shimo. Nikijaribu kujipongeza naliona lile godoro. Nikijaribu kujilaumu naisikia sauti yake akisema mimi hakunichukua.

Hakuna atakayerekodi nitakachoandika sasa. Hakitapita kwenye chumba chenye mapazia wala hakitatoka Ijumaa. Lakini Jumamosi nitakwenda Darajani na daftari hili, nitakaa chini, si juu ya mkeka wa kuuza, nimsomee. Akisema si kweli, nitafuta.

Nimeshaandika mwanzo wake. Saada ameamka, ameangalia chumba cha juu kilichokuwa cha marehemu mumewe, na amekwenda kwa jirani kuuliza kama kuna anayemjua mpangaji mwaminifu.