Mashimo Yaliyokuwa Mawe

Jumatano, Kyebando. Mvua tangu alfajiri, umeme hakuna, na nina hasira ambazo sina wa kumrushia isipokuwa mimi mwenyewe.

Wacha niandike kabla sijapoa. Nikipoa nitaanza kujitetea.

Kwa aliyeingia kwenye blogu hii leo: kazi yangu ni kuchora ramani ya asteroidi, jiwe kubwa linalozunguka jua huko mbali, ambalo chombo cha anga kimekuwa kikilipiga picha. Kikundini tumelibatiza Tangawizi kwa sababu lina vinundu kila upande. Picha zikifika tunagawana maeneo, na kila mtu anakaa na kompyuta yake akiweka alama: hapa jiwe, hapa shimo, hapa mchanga mtupu. Ni kazi ya kuumiza macho na shingo. Mama yangu kule Bombo mpaka leo huwaambia watu kwamba ninapima viwanja.

Kesho kuna mkutano wa kuchagua mahali ambapo chombo kitashuka kuigusa Tangawizi na kuchota mchanga. Kitashuka mara moja tu. Kikigonga jiwe, kazi ya watu wengi imekwisha hapo hapo. Na mahali panapoongoza kwenye orodha ni pale nilipopachora mimi. Niliandika kwamba ni uwanja wa mchanga wenye mashimo madogo yasiyo na kina. Kesho nilikuwa nipatetee mbele ya wote, mara yangu ya kwanza kupewa nafasi hiyo. Nimefanya mazoezi wiki nzima. Nimeshona hata gauni, na mkutano wenyewe ni wa mtandaoni, kinachoonekana ni kichwa tu.

Asubuhi kompyuta ilizima kwa kukosa chaji. Nikatandaza mezani zile picha nilizokuwa nimezichapisha karatasini jana kwenye duka moja la Wandegeya, nikaendelea kujisomea kwa sauti kama mwendawazimu. Shangazi Zainabu, ambaye naishi naye, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza anasuka kawa ya kufunikia chakula. Akainamia picha, akatazama weee.

"Hii mawe yote iko wapi? Ni Bombo?"

Nikamwambia si mawe, Shangazi, ni mashimo. Akasema yeye anaona mawe, tena hiyo kubwa mtu anaweza kukalia. Nikamweleza mara ya pili kwa ile sauti yangu ya chuo kikuu, ambayo nikiisikia kwenye simu naichukia. Hakubishana. Alivuta ukindu wake, akasema, "Sawa. Wewe umesoma, mimi sikusoma."

Nilinuna. Nikainuka kwenda kumimina chai, nikapita nyuma yake, na nilipokuwa narudi na kikombe nikazitupia jicho picha zangu kutokea upande wake.

Mawe.

Uwanja mzima ni mawe. Yamebanana, mengine makubwa kuliko nyumba hii tunayokaa. Nikazunguka kurudi kwenye kiti changu: mashimo. Nikaenda kwake tena: mawe. Shangazi akaniuliza nimepoteza nini.

Kikundi chetu kina sharti moja ambalo mtu hufundishwa siku ya kwanza. Kabla hujaweka alama yoyote, geuza picha mpaka mwanga wa jua utokee juu. Jicho la binadamu limezoea jua liwe juu. Ukilionyesha picha ambayo mwanga unatoka chini, linakudanganya, linakuonyesha jiwe kama shimo na shimo kama kilima. Sharti ni hilo tu. Halihitaji akili, linahitaji subira.

Mimi niliona linanichelewesha. Nilitaka picha zangu zikae kama ramani ya kawaida, kaskazini juu, ziungane vizuri, zipendeze machoni. Nikazigeuza zote kwa mpigo mmoja nikaanza kazi. Nilijiambia sharti lile ni la wanagenzi, mtu mwenye jicho zuri halihitaji. Kila picha huja na maelezo yake yanayosema jua lilikuwa upande gani. Leo nimeyafungua kwenye simu, moja baada ya nyingine. Katika eneo langu lote, kaskazini ikiwa juu, jua linatoka chini.

Miezi minne ya kazi. Yote kichwa chini miguu juu.

Ningekuwa nimeharibu kazi yangu peke yangu ningelia, nikanawa uso, nikaanza upya. Lakini kuna Opio.

Opio ni mwenzangu kikundini, anakaa Mulago. Ni mtoto wa mwanajeshi, amekulia kambini ambako watu huongea Kiswahili, ndiyo maana mimi na yeye tukiwa wawili hatuongei Kiingereza. Eneo lake limepakana na langu, na kuna kipande cha katikati tulichopewa wote wawili ili kazi zetu zilinganishwe. Yeye aliweka mawe. Mimi niliweka mashimo. Kwenye kikao, mbele ya watu wote, nilisema labda Opio abadilishe miwani. Watu walicheka. Kiongozi wetu akaniuliza kama nina uhakika, nikasema asilimia mia moja, na sauti haikunitetemeka hata kidogo. Opio akaambiwa aipitie upya kazi yake yote.

Mimi nilitoka kwenye kikao kile nimevimba kichwa, nikaenda kujinunulia chapati mbili za mayai.

Basi leo nimekaa kitandani na simu mkononi nikipiga hesabu za kihuni. Nikinyamaza, nani atajua? Baadaye chombo kitapita karibu zaidi, watu wengine wataona, nitasema picha za mwanzo hazikuwa wazi. Sentensi ya kujitetea niliitunga mpaka nukta. Aibu ya kuyakiri haya hapa ni kubwa, lakini ndivyo ilivyokuwa, na haikuwa kwa dakika moja wala mbili.

Kilichonizuia si wema. Nilifikiria chombo kinashuka taratibu kule, kimetumwa na ramani yangu, kinaamini kinakwenda mchangani.

Nikampigia Opio kwanza, kabla ya kiongozi. Nikamwambia yote, sikupamba. Nikamwomba radhi kwa kazi na kwa yale maneno ya miwani. Nilitegemea anitukane. Nadhani nilitaka anitukane.

Akasema, "Ile mawe nilishatoa yote, dada."

Sikumwelewa. Akanieleza. Baada ya kile kikao alirudi kwenye eneo lake zima, si kile kipande tu, akafuta mawe yake akaweka mashimo, ili ramani yake ifanane na yangu. "Wewe ulikuwa na uhakika sana. Mimi nikaona labda ni macho yangu ndiyo mbaya." Nakala ya zamani hakuibakiza. Alisema aliionea aibu.

Opio aligeuza kila picha yake. Alifuata sharti hatua kwa hatua, akaona sawasawa, kisha akajifuta kwa sababu mimi nilisema kwa sauti kubwa.

Nilimwandikia kiongozi hapo hapo, kwa simu iliyobaki na chaji ya kubahatisha. Kwamba eneo langu liondolewe kwenye orodha. Kwamba ni uwanja wa mawe, Opio alikuwa sahihi tangu mwanzo, na kosa la ramani zote mbili ni langu. Amejibu kwa ufupi: ameondoa, nafasi yangu ya kuzungumza kesho imefutwa, na anataka kile kipande cha katikati kichorwe upya na Opio kabla ya mkutano. Imeniuma. Sitajifanya haijaniuma. Gauni limening'inia pale mlangoni na sitaki hata kulitazama.

Opio amekuja kwa miguu kutoka Mulago, kwa kuwa picha zilizochapishwa ninazo mimi, amelowa mpaka soksi. Shangazi amempa taulo na chai, amemsogezea kiti. Naandika haya yeye akiwa mezani na kalamu. Kila picha anaigeuza kwanza, anaangalia mwanga uko wapi, ndipo anainama.

Kisha anainua kichwa na kuniuliza mimi.

"Hii ni jiwe, ama ni shimo?"

Ni jiwe. Hata kipofu angelitambua kwa kupapasa. Lakini ananiuliza mimi, na anasubiri nijibu kabla hajaweka alama.

Nimemwambia, wewe ndiye uliyeona, weka unachokiona. Ameweka. Amekwenda kwenye linalofuata, ameinua kichwa, ameuliza tena.

Nitamjibu hivyo hivyo leo, na kesho, mpaka siku atakayoacha kuniuliza.