Moto Uliozimwa Jumamosi

Kampemba, Lubumbashi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi, mkweo na wajukuu zako tu wazima wa mwili, na tunaomba wewe na Mama muwe hivyo hivyo na zaidi. Goti la Mama limetulia, au bado linamsumbua asubuhi anapokwenda zizini? Na sikio lako la kushoto, yule daktari wa Mbeya alilisaidia, au alikuzungusha tu?

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Nikipiga, Mama anaweka sauti kubwa ili usikie, na majirani wote mpaka mwenye duka wanashiriki mazungumzo. Haya ya leo si ya dukani. Barua anaileta dereva wa lori anayesali kwetu, anakwenda Tunduma, na nimemsihi asimpe mtu mwingine ila wewe. Ukishaisoma, msomee Mama, mkiwa wawili tu.

Watoto wanakua. Subilaga amenifika kifuani na anaimba kwenye kwaya ya watoto. Kiswahili chake hungekitambua. Juzi nilimsikia akimwita mdogo wake, "Ipyana, kuya, bukari iko tayari!" Bukari ndiyo ugali wa huku, kuya ni njoo, njo ni ndiyo, na kwa nini yao ni juu ya nini. Nilipomsahihisha akanijibu kwamba mimi ndiye ninayeongea kama redio. Wala Lusajo na mimi hatuna majina tena. Ni Papa Pasteur na Maman Pasteur, yaani mchungaji na mkewe, hata kwa wauza mkaa. Mvua zimekwisha, baridi imeingia, na vumbi jekundu limerudi kukaa ndani ya kila kitu, hata katikati ya kurasa za Biblia.

Sasa, Baba, kuna habari ya tanuri. Unadhani unaijua, kwa sababu sisi wenyewe tulikusimulia mwaka jana na ukafurahi. Hatukukudanganya. Ila habari ile haikuishia pale tulipoiachia.

Huku matofali hufyatuliwa kwa udongo wa kichuguu, na vichuguu vyao si kama vya kwetu. Kimoja kinaweza kuwa kikubwa kuliko nyumba yako, na mti umeota juu yake. Kiwanja chetu cha kanisa kilikuwa nacho kimoja. Kiangazi chote cha mwaka jana watu walikichimba, kina mama wakibeba maji kichwani, wanaume wakikanyaga udongo, watoto wakigeuza matofali juani, mpaka kichuguu kikaisha. Msimamizi alikuwa Papa Ilunga, mzee wetu wa kanisa. Ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, alilelewa Katoliki, na mpaka leo akishtuka mkono wake unafanya ishara ya msalaba kabla hajaukumbuka.

Moto ulikuwa uwashwe Jumatatu. Gari la kuni likakwama njia ya Mokambo, likafika Alhamisi, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Wakawasha Alhamisi hiyo hiyo. Tanuri kama lile linataka kulishwa kuni mchana na usiku kwa siku kadhaa bila kupumzika, na Jumamosi jioni moto ndio kwanza ulikuwa umekolea. Lusajo akawaambia watu wazibe midomo ya tanuri kwa tope, moto ufe, maana siku ya Bwana hatulishi moto. Hakuna aliyenung'unika. Papa Ilunga ndiye aliyeshika tope la kwanza. Jumapili ile walicheza mbele za Mungu mpaka turubai tulilosalia chini yake likakaribia kung'oka.

Salamu zako zilifika baadaye kidogo. Ulimsifu mkweo kwamba ameiheshimu Jumapili kuliko matofali, na kwamba umewahubiria watu wa Tukuyu habari zake. Lusajo alizisoma mbele ya watu wote. Makofi, vigelegele! Tangu siku hiyo wewe ni Babu wa Tanzanie, na salamu zako zinasubiriwa kuliko mahubiri yetu.

Tulipofungua tanuri, matofali yaliyokuwa karibu na moto yalikuwa mekundu, ukiyagonga yanalia. Ya juu na ya pembeni yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ukiyagonga yananyamaza. Tuliona sote. Papa Ilunga akasema plasta itayafunika. Mimi nikasema angalau ni mengi. Lusajo akasema Mungu atakamilisha. Mekundu yakatangulia kujengewa, na ukuta wa mwisho, ule wa magharibi, ukapata yale yaliyonyamaza.

Kwenye simu tulikwambia kwamba mvua iliangusha ukuta kabla ya bati kupanda, na kwamba mama mmoja aliumia. Mama huyo ni Maman Masika. Ametoka Butembo, anauza maharage kwa jumla, na bila yeye umoja wa kina mama ungekuwa jina tu. Alasiri ile alikuja mbio kufunika saruji mvua isiilowanishe. Ukuta ulilainika chini, ukadidimia na kuanguka, na yeye alikuwa kando yake. Walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Alipoweza kuzungumza, Lusajo alikwenda hospitali kumwambia ukweli. Nilikuwepo. Alipiga magoti kando ya kitanda na wagonjwa wengine wakageuka kutazama.

"Maman Masika, si mvua. Ni mimi. Nilizima moto na matofali hayakuiva."

"Papa Pasteur, wacha kusema vile," alijibu. "Mungu njo alikamata ile muguu. Ye anajua juu ya nini."

"Hapana, mama. Ni matofali."

Alimshika mkono, Baba, kama vile mgonjwa ni Lusajo. Akasema, "Sikiliza. Kama ni Mungu, miye nitaishi. Kama ni matofari tu haikuiva, nitaishi namna gani? Niamuke kila asubuhi nakumbuka tope? Usiniondolee Mungu wangu hapa ku kitanda."

Lusajo alibaki magotini. Mimi ndiye niliyemwinua.

Tangu hapo ninaishi na mtu anayetafuta wa kumwambia kwamba alikosea, na hampati. Alijaribu mbele ya kanisa. Alianza tu, "Ndugu zangu, ule moto nilipouzima," na watu wakajibu "Amina!" kwa nguvu, mtu wa kinanda akadaka, wimbo ukaanza, naye akabaki amesimama na mdomo wazi. Ningecheka kama asingekuwa mume wangu. Viongozi wetu wa mjini nao wameusikia ushuhuda wa Maman Masika, kwamba Mungu ndiye aliyeuchukua mguu wake, na wanauhubiri makanisa mengine. Kila unakohubiriwa, Lusajo anapungua. Suruali zake nimezipunguza kiuno mara mbili.

Mwaka huu watu wamefyatua matofali mapya ya kuurudishia ukuta ule, kwa udongo wa kichuguu cha jirani. Kamati ilipokaa, Lusajo alisema kwa upole, "Safari hii tuwashe Jumatatu, tumalize kabla ya Jumapili." Nilishusha pumzi. Nikajua amepata njia ya kupita bila kumgusa mtu.

Maman Masika alikuwa amekuja kwa magongo yake. Akauliza, "Juu ya nini lundi, Papa Pasteur? Jeudi ilikuwa mubaya?"

Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kwa hofu, na kila mtu aliisikia. Papa Ilunga aliangalia viatu vyake. Niliomba moyoni mume wangu aseme ndiyo, neno moja tu, ndiyo.

"Jeudi ni sawa, mama," alisema, na Alhamisi ikabaki.

Nyumbani nilimwakia. Nilimuuliza kama yeye ni mchungaji au kivuli cha mchungaji, maneno ambayo nayajutia. Akanijibu taratibu, "Basi nenda wewe ukamwambie." Nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, anapima maharage na kuwatania wateja kwamba muguu moja ni économie, haiombe viatu viwili. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote njiani. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Maman Pasteur, wakati maumivu inakuya, nakumbuka ile Jumapili yetu. Ilikuwa ya kweli. Miye njo niliilipia, basi haikupotea." Kisha akanijazia mfuko wa maharage, akakataa pesa. Nilirudi na maharage yake na maneno yangu, vyote vizima.

Basi Alhamisi iliyopita moto uliwashwa, na Jumamosi jioni ukazibwa. Safari hii Lusajo hakumwachia mtu mwingine. Aliziba midomo yote kwa mikono yake mwenyewe, na Maman Masika amesimama kwa magongo anaongoza wimbo. Nyumbani alinawa mikono muda mrefu mpaka nikaenda kuyafunga maji. Akaniuliza, "Mama Subi, unadhani yameiva?"

Nilimwambia sijui. Najua, Baba. Hata Ipyana anajua.

Tanuri bado linapoa. Ujenzi utaanza saruji ikifika, pengine mwezi ujao. Na benchi la kwaya ya watoto limepangiwa upande huo wa magharibi, kwa sababu asubuhi jua haliwafikii. Subilaga ameshaniambia yeye atakaa mwisho kabisa, karibu na ukuta, ili aegemee.

Papa Ilunga alinivuta pembeni jana. "Maman, hayajaaribika. Yanaweza kurudi ku moto yakaiva muzuri. Lakini nani ataisema?"

Nimeizungusha kichwani hiyo nani ataisema. Papa Ilunga mwenyewe hataisema. Tope la kwanza lilikuwa lake. Lusajo ameshindwa. Mimi nimeshindwa, na nilikwenda na kitenge kizuri. Amebaki mtu mmoja ambaye Maman Masika anaweza kumsikiliza bila kuona kwamba amenyang'anywa Mungu wake, naye ni Babu wa Tanzanie.

Ndicho ninachokuomba, Baba. Kwenye salamu zako andika kwamba Jumapili ile ya kwanza Mungu aliipokea, na kwamba imetosha. Andika kwamba sasa matofali yarudi motoni, na moto uwake mpaka yaive, hata Jumapili ikiukuta unawaka, kama vile mtu anavyomtoa ng'ombe wake shimoni siku hiyo. Usiseme nani alikosea. Hakuna anayehitaji kukosea. Watu watasoma kwamba wewe umeruhusu, na Maman Masika mwenyewe atakuwa wa kwanza kuleta kuni.

Nakujua lakini. Nimekulia katika nyumba ambayo Jumapili tulikula kiporo na kunywa chai ya jana kutoka kwenye chupa, na chai ikiwa imepoa tulishukuru hivyo hivyo. Lusajo naye alifundishwa uchungaji mezani pako. Siandiki ili nikubishie, Baba. Nimeishiwa, ndiyo sababu naandika. Ninapika, ninafua, ninafundisha kina mama Jumatano, ninaitikia Amina, na kila siku saruji inaweza kufika. Siwezi kumzuia mtu yeyote. Nikilia, Lusajo anadhani ninamlaumu, kwa hiyo ninalia nikiwa sokoni, ambako wanadhani ni vitunguu.

Nisalimie Mama na umwambie viungo vya chai alivyotuma vilifika na vimekwisha. Msalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na wifi asichoke na shamba la ndizi. Shangazi, dada yako, mwambie sijasahau deni la kumwandikia. Yule mdogo wangu wa mwisho aliye mjamzito ajifungue salama. Nimemfumia sweta, dereva anayo. Mjomba katekista aendelee kutuombea kwa jina, mmoja mmoja, kama anavyofanya. Ipyana anauliza kama ng'ombe wako mweusi amezaa. Subilaga anasema shikamoo Babu, na amenilazimisha niandike kwamba anajifunza sauti ya pili.

Na kama mkono wako utakataa kuandika nililokuomba, sitakulaumu, wala Lusajo hatajua kwamba nilikuomba. Ila basi nifanyie hili dogo. Katika salamu hizo usimsifu. Usiweke hata neno moja la sifa, Baba. Maana atazisoma mbele ya watu, nao watampigia makofi, naye atasimama pale ayapokee, na mimi nimekaa benchi la mbele, mahali ambapo mke wa mchungaji lazima naye apige makofi.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na kukuogopa bado,

Atupele, Mama Subi