Kamera ya Uani

Mwenzangu, nimejifungia chooni, nacheka hadi machozi yananitoka.

Leo mama mkwe kapika mwenyewe. Mume wangu kamsifia, "Mama, mkono wako uko vilevile!" Kisha kabeba sahani yake, eti anakwenda kulia nje apunge upepo.

Kengele ya geti ikalia. Nikaiambia ile skrini ya jikoni, "Nionyeshe kamera ya getini." Ikaonyesha ya uani!

Mume wangu huyo, kachuchumaa, anammwagia mbwa chakula chote. CHOTE! Na mama yake kasimama kando yangu, macho kodo.

Mbwa akanusa. Akageuka, akaenda zake.

Mama akaisogelea skrini. Halafu: "Hata mbwa?"

Nikaangua kicheko. Naye akacheka mpaka akakaa chini!

Sasa anampakulia mwanawe sahani ya pili, na kavuta kiti akae mbele yake.