Kadi Hamsini na Nane za Neno Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wangu,

Dada yako ameharibu kazi. Nakwambia wewe kwa sababu yeye ukimgusa tu analia, na machozi ya mtu mwingine siyawezi wiki hii. Yangu yananitosha.

Alikuja kunisaidia kusafisha chumba cha vitabu. Nikamwambia, wifi, futa vumbi tu. Futa vumbi! Narudi kutoka sokoni nakuta amefungua mafungu yako mawili ya kadi za kamusi, za neno la Kiingereza *set* — la uzi mwekundu na la uzi wa buluu — amechanganya kadi zote, amezipanga kubwa chini ndogo juu, amezifunga kwa mpira mmoja. Nyuzi kazitupa. Eti zilikuwa chafu.

"Si neno moja, wifi?" ananiuliza. "Nyuzi mbili za nini?"

Nyuzi mbili za nini! Umenieleza mpaka chai zimepoa. Kwamba kwa macho ni neno moja, lakini lina mama wawili. Nyekundu: la Waingereza wenyewe wa zamani, maana yake kuketisha. ("Kama sisi tu!" ukapiga meza. "Keti, ketisha!") Buluu: lilitoka Kilatini, likapitia kwa Wafaransa, maana yake kundi la wafuasi. Wakakutana njiani, wakavaa nguo moja. Mimi wa darasa la saba nayajua hayo. Ila kadi ipi ni ya mama yupi — hapo ndipo nilipokwama.

Mhariri anakuja Ijumaa saa kumi.

Nimefunga dirisha la vitabu.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia mhariri. Mkasi, kama ulivyombatiza. Nilidhani ataniongezea siku. Wapi! Pole nyingi, mama, pole sana — halafu: kamusi imeshapangwa kurasa hadi hapo alipoishia marehemu. Mafungu yasipotenganishwa, neno hilo tutampa mtu mwingine aliandike upya. Ni neno moja tu, mama.

Moja tu! Ndilo uliloishia. Ukinyang'anywa hilo, kazi yako inakomea kwenye *session*. Kikao! Wewe uliyekimbia kila kikao cha walimu, ufie kwenye kikao.

Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba na ile mifano ya jikoni itabidi ipunguzwe kidogo. Mifano ya jikoni. Nikasema simu inaisha chaji.

Dirisha nimefunga.

Jumatano, 6 Machi

Nimetandaza kadi zote hamsini na nane juu ya kitanda. Upande wako kushoto, ndio nyekundu. Upande wangu, buluu. Wifi amekaa kwenye kiti kama mtoto aliyevunja kitu.

Uliniachia njia, nami sikuiona hadi leo: mifano yenyewe. Kila maana lazima iwe na sentensi iliyosemwa humu ndani. Sheria yako ya pili: anayesema haandiki, anayeandika hasemi. Sentensi uliyojitungia mwenyewe ina harufu ya dawati, ulisema. Ndiyo maana pembeni ya kila kadi umeandika msemaji. *Mke. Mke. Dada. Mke. Binti. Mke.* Nilikuwa nakaripia watu tu, kumbe natunga kamusi.

Basi nasoma mfano, naikumbuka siku, naukumbuka na uzi.

*Saa nimeitega mimi, ukaizima wewe.* Nyekundu. Ulikuwa umeuma ule uzi kwa meno, ukacheka, ukakudondoka.

*Seti ya vikombe sita, sasa vinne, na mvunjaji anaitwa Mwalimu.* Buluu. Hata hukukana.

*Mfupa ulikaa vibaya, ikabidi uvunjwe upya.* Nyekundu. Mkono wangu wa kushoto. Nalia kwa maumivu, wewe unatafuta kalamu! Siku tatu sikukusemesha.

*Saruji haijaganda, toa mguu wako!* Nyekundu.

"Huo si mguu wangu," wifi akadakia.

"Nenda kapime. Uko mlango wa nyuma mpaka leo, na vidole vyote."

"Mguu ule mkubwa. Mimi wangu wa kike."

"Wifi, ule mguu una jina lako."

Tukacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu tukaacha, wote kwa pamoja, kama waliofumaniwa.

Ile ya mandhari ya kuchezea filamu nikaiweka buluu — si kundi la viti na mapazia? Nikaigeuza. Nyuma umeandika: *Nilikosea. Nyekundu.* Afadhali na wewe ulikosea.

Kumi na saba buluu, arobaini na moja nyekundu. Lakini kadi moja nyekundu haina mfano. Mwandiko wako wa mwisho, ule wa kulala lala. *Set: kutua (kwa jua).* Chini yake, hakuna kitu.

Mkasi ameshasema: maana isiyo na mfano haichapwi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Binti amepiga, nikamweleza, akasema: mama, si uandike tu chochote? Nani atajua?

Nitajua mimi. Anayesema haandiki. Na mimi ndani ya nyumba hii nasema na nani?

Jioni wifi akaja na penseli amechonga mwenyewe. Akaketi barazani, kadi pajani, kama karani wa mahakama.

"Haya. Sema jambo kuhusu jua."

"Jua linatua."

"Hilo hata kuku anajua. Sema la maana."

"Jua linatua katika maisha ya kila mja—"

"Huo si mfano, wifi, hiyo ni hotuba ya msibani."

Nikakasirika. Nikamwambia asingezitupa nyuzi tusingekuwa hapa. Akasema kadi hiyo ilikuwa tupu hata kabla ya nyuzi. Kweli. Ukweli wake ndio ulioniudhi zaidi. Akaweka penseli juu ya ukuta wa baraza, akaenda zake bila kuaga.

Dirisha sikufunga mpaka giza lilipoingia. Ukurasa wa juu wa rundo lako la karatasi pale dirishani umelowa umande. Nisamehe.

Ijumaa, 8 Machi

Mkasi yuko sebuleni. Kaja nusu saa kabla. Nimempa chai kwenye kimoja cha vile vikombe vinne. Nyuzi mpya nimenunua, nyekundu na buluu, nikafunga mafungu kwa fundo lako.

Amepitia kadi moja moja, miwani puani. Kisha nikasikia mtu anacheka peke yake. Kumbe kafika kwenye *Ameganda kama saruji: chai kwanza, mswaki baadaye.* Akaniuliza, huyo ni marehemu? Nikasema ndiye. Akasema, hii siikati, mama. Nikakaa chini. Sikujua nilikuwa nimesimama muda wote.

Halafu akafika kwenye ile tupu. Akaitoa nje ya fungu kwa vidole viwili.

"Hii tuiache. Maana arobaini zatosha."

"Ngoja."

"Mama, nina safari."

"Ngoja kidogo, baba. Nakuja."

Nimeingia huku chumba cha vitabu na kadi mkononi. Nimefunga mlango. Nimekaa kiti chako. Nikaangalia dirisha — na Mwalimu, nimeona jinsi nilivyo mjinga.

Mimi nafunga hilo dirisha kila jioni kwa nini? Nani aliniagiza?

Wewe. Hospitali, siku ile ya mwisho, ambayo hatukujua ni ya mwisho. Ulinifukuza nirudi nyumbani mapema. Ulisema neno lako, nami nikabisha: kesho nakuja, tena na miwani yako, mambo gani hayo! Ulikuwa umelalia mto wa hapa nyumbani, niliokuletea mimi, kwa hiyo usiniambie hayakusemwa nyumbani.

Kadi zote hizi nilisema, ukaandika. Hii ulisema wewe. Mimi nilisikia tu. Sheria yako haikatazi.

Nimeandika. Mwandiko wangu wa darasa la saba chini ya wako. Mtu yeyote ataona ni mikono miwili. Pembeni, panapokaa msemaji: *Mume.* Mara ya kwanza neno hilo kuwa kwenye kadi.

Mkasi anabisha mlango. "Mama? Ikoje?" Sijui atasemaje. Akiikata, sina nyingine. Wino haujakauka, naupulizia, nasoma tena kabla sijafungua:

*Jua likitua, funga dirisha la vitabu. Na unikumbuke.*