Niwapeleke Watoto Kwenye Joto, au Nimdanganye Mama Mkwe?

Mshauri, pokea salamu zangu, na naomba unisaidie kabla sijafungua mdomo nikadanganya, maana uongo wenyewe nimeshautunga na nimeshaufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, naishi huku kwetu kwenye baridi ambako sweta halivuliwi hata mchana, nina watoto wawili, wa kwanza ni binti tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, wa pili ni kitindamimba wangu ambaye ndiyo kwanza ameanza chekechea, na baba yao ni mpishi wa hoteli mbali sana na hapa, chini kabisa ufukoni, ambako wanasema joto ni la kukaanga mtu, na huko anaishi na mama yake. Sasa mama mkwe macho yanamfifia, daktari amesema hayatarudi, na juzi alinipigia simu mwenyewe akasema, "Mwanangu, sauti zao nazijua. Sura sijaziona. Niletee wajukuu wangu nikiwa bado naona." Nikamjibu, "Ndiyo mama, likizo hii nawaleta," na mume wangu akakata tiketi za basi siku ileile, na tangu hapo roho yangu iko juu juu.

Mshauri, naogopa mbu, naogopa jua, naogopa bahari, naogopa maji ya kunywa ya huko, naogopa hata hiyo safari ya kutwa nzima. Kitindamimba aliwahi kushikwa na degedege homa ilipompanda, nikamwona macho yamegeuka huku nimempakata, na toka siku hiyo mwili wake ukipata moto kidogo tu mimi nalia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nisamehe.

Basi nikaona bora niwazoeshe joto mapema. Chumba chetu cha pasi kina moto kweli, kwa hiyo wakitoka shule nawaketisha humo, mlango nimefunga, sweta hawavui, na maji nawapa ya kulowesha koo tu, kwa sababu kwenye basi hakuna atakayesimamisha gari kila mtoto akibanwa na mkojo, nikasema wazoee na hilo pia. Binti akaniuliza, "Mama, kwani tunapikwa?" nikamwambia kwa bibi ndiyo hivihivi, vumilia. Jana kitindamimba akatapika, akalegea kama nguo mbichi, akawa ananitazama tu. Dada ninayefanya naye kazi akafungua mlango, akamtoa nje, akamvua sweta, akampa maji, kisha akaniuliza, "Wewe, una akili kweli?" Leo anacheza, lakini jibu nimelipata, mtoto huyu joto hataliweza.

Kwa hiyo nataka kumwambia mume wangu kwamba Chiriku ana surua, hatusafiri. Lakini kila nikishika simu naiweka tena chini, namfikiria yule mama. Niwapeleke, mwanangu afie ugenini, au nibaki nao, bibi yao aingie gizani bila kuwaona? Maji yamenifika shingoni.

Ni mimi, Mama Chiriku.

JIBU

Mama Chiriku,

Nilianza kukusoma nimesimama. Nilipofika kwenye chumba cha pasi ikabidi nitafute kiti.

Hilo zoezi liishe leo. Sijasema ulipunguze, liishe. Mtoto umemfungia kwenye chumba cha moto, sweta mwilini, maji umemnyima, halafu alipolegea ukasema joto hataliweza. Nikikufungia wewe humo namna hiyo, mtu mzima na meno yako yote, utalegea vilevile. Hukumzoesha joto, ulimkausha. Yule dada mshukuru, maana angechelewa kufungua mlango barua yako ingekuwa ya kilio. Na mtoto akitapika tena au ukimwona mzito, mpeleke zahanati, usikae kungoja jibu la gazetini.

Pole nakupa pia, na naitoa moyoni. Degedege ukiliona kwa mwanao halitoki kichwani. Lakini umeniambia mwenyewe lilikuja na homa. Cha kupambana nacho huko ni homa, na homa ina kinga yake.

Nenda kliniki na watoto wote wawili, wiki hii, siyo siku ya kupanda basi, kwa sababu dawa ya kukinga malaria huanzwa kabla ya safari na hutolewa kwa uzito wa mtoto. Waeleze unakokwenda, na habari ya degedege usiifiche. Omba na zile paketi za dawa ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha. Mume wako afunge chandarua kabla hamjafika. Nguo unazijua kuliko mimi: pamba nyepesi, na jioni mikono mirefu. Sweta moja moja la kuondokea linatosha, watalivua kadiri mnavyoshuka.

Maji wanywe, tena kila mara, kidogo kidogo, kila mmoja na chupa yake. Wakibanwa, mwambie kondakta bila haya, na beba kopo lenye kifuniko. Mkojo kwenye kopo haujaua mtu. Kiu imeua. Huko kwa bibi wanywe yaliyochemshwa. Jua likiwa kali wakae kivulini, na baharini wawe karibu kiasi cha kuwashika mkono. Simu iache nyumbani.

Homa ikipanda, hospitali siku hiyohiyo, na blanketi usimfunike. Degedege likija, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, mkimbize kwa daktari. Na mkisharudi, hata baada ya wiki kadhaa, mtoto akipata homa mweleze daktari mlikotoka.

Sasa huo uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe nyumbani una Chiriku. Likizo hii surua, ijayo utamuuguza kwa mdomo ugonjwa gani? Na macho ya mama hayangojei likizo ijayo. Mpigie mume wako leo, mweleze yote, hadi yaliyotokea jana. Atafoka, mwache afoke, halafu mwombe aje kuwapokea stendi. Kisha mpigie mama mkwe umwambie unaogopa. Amelea watoto kwenye joto hilohilo, atakuonyesha dirisha lenye upepo na saa ya kuwaogesha.

Safiri. Na mkifika, kabla hujaanza kukagua neti na madirisha, wakalishe Chiriku na kitindamimba mbele ya bibi yao, penye mwanga, awatazame mpaka aridhike. Akitaka kuwashika nyuso, mwache.