Jino Halimo

9 Januari

Kitinda wangu,

Hujambo mdogo wangu, na wifi yangu hajambo? Huku tu wazima, ukiondoa gego langu la chini, upande wa kulia, ambalo tangu shule zifungwe halisikii la mwalimu wala la mwanafunzi.

Nimeona nikuandikie barua kama zamani, maana kwenye simu unaniitikia "nakusikia dada" huku nasikia karatasi zinafunuliwa.

Mwenyekiti wa mtaa amenikabidhi daftari la kuandikisha watu kwenye bima ya afya kwa wote. Anasema mwalimu wa darasa la kwanza anaaminika, kwa kuwa nusu ya mtaa ilijifunza kusoma kwenye ubao wake. Nimezunguka nyumba arobaini na moja. Wengine walinifungia mlango. Fundi baiskeli aliniambia, "Mwalimu, mimi nimeshachangishwa kila kitu, hata maji yasiyotoka." Nikamwambia kwamba mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea kwa mikono hii, ndiye katibu wa kamati inayoandaa kitita, yaani ile orodha ya matibabu yatakayolipiwa na kadi. Akachovya kidole kwenye wino. Wengi wamejiandikisha kwa ajili yako.

Sasa nijibu jambo moja. Nimetenga hela ya kuling'oa hili jino kwa daktari wa meno wa pale stendi. Lakini paa la jiko linavuja. Kadi zikianza Aprili, meno yamo? Kama yamo nitavumilia, hela iende kwenye mabati.

Ni mimi dada yako, shavu moja limejaa.


21 Januari

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye foleni ya chai, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Sisi hatujambo. Wifi yako anashona mapazia mapya, nyumba nzima imekuwa nyuzi.

Meno yamo. Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa pili kutoka juu: kung'oa, kuziba, kutibu usaha. Nimeuchapa kwa vidole vyangu mwenyewe. Kilichobaki ni kikao cha Machi, nacho ni cha kugonga muhuri tu. Kwa hiyo usimpelekee daktari wa stendi hela yako. Ezeka jiko. Wiki kumi si nyingi kwa mtu aliyenivumilia mimi miaka kumi na minane.

Sukutua kwa maji ya chumvi, tafunia kushoto, na watu wako wa nyumba arobaini na moja waambie walale usingizi.

Mdogo wako, Kitinda


6 Aprili

Kitinda,

Hujambo? Tangu Januari sijapata neno lako, nikasema kazi zimekulemea. Wifi mzima? Mabati yamewekwa, jiko halivuji tena.

Siku ya kwanza ya kadi tulikwenda hospitali watu saba, tumevaa kama tunakwenda kupigwa picha. Fundi baiskeli alipimwa presha, akapewa dawa, akatoka anatabasamu peke yake. Ikafika zamu yangu. Binti wa dirishani akaingiza kadi kwenye mashine, akaniuliza nina tatizo gani. Nikamwambia jino.

"Jino halimo, mwalimu."

"Halimo wapi?"

"Kwenye kitita. Jicho limo, sikio limo, hata ukucha wa mguu umo. Jino halimo."

Nikamwambia atazame vizuri, ukurasa wa kumi na nne. Akanigeuzia kompyuta nikaona mwenyewe. Mtu nyuma yangu akasema, "Kwani mdomo si sehemu ya mwili?" Foleni yote ikacheka, na mimi nikacheka nao huku nimeshika shavu. Fundi baiskeli hakucheka. Aliniangalia tu.

Kitinda, kumetokea nini?

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenifika shingoni. Wifi yako anakusalimu.

Kuhusu lile suala, nadhani mashine za huko hazijaingiziwa orodha yenyewe. Mambo makubwa kama haya huanza kwa kuchechemea. Jaribu tena mwisho wa Mei. Kwa sasa endelea na maji ya chumvi na zile dawa za maumivu.

Naandika kwa haraka, gari la ofisi linaningoja chini.

Kitinda


11 Juni
Wodi ya upasuaji

Kitinda,

Hujambo? Mimi sijui nijibu sijambo au nini. Nakuandikia kwa sababu siwezi kusema. Nina bomba kooni, na hili daftari la mistari mipana nimeletewa na watoto wa darasa langu.

Mwisho wa Mei nilikwenda tena kama ulivyoniagiza. Halimo. Kesho yake asubuhi nilikuwa ubaoni, tunasoma silabi, kinywa kikakataa kufunguka. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, shingo yako imekuwa kubwa." Nilitaka kumwambia akae chini, lakini ulimi ulikuwa umepanda juu, hauna pa kukaa. Mwalimu mkuu akanipakia kwenye gari la muuza maziwa. Nakumbuka makopo yakigongana nyuma yangu, na mimi natafuta hewa kama mtu anayenywa kwa mrija ulioziba.

Usaha wa jino ulikuwa umeshuka chini ya ulimi mpaka shingoni. Walinitoboa koo nipate kupumua, wakapasua chini ya taya pande zote mbili, wakaling'oa gego na wenzake wawili.

Leo ni siku ya kumi na mbili nimelala hapa. Na sidaiwi kitu. Chumba cha upasuaji, dawa za kudungwa mshipani, kitanda, vyote kadi imelipa bila kubisha. Daktari aliyenipasua alisoma faili langu, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "kadi yako imekataa jino, ikakubali shingo." Jino lenyewe lingekuwa kazi ya robo saa na sindano moja ya ganzi.

Nina muda mwingi wa kufikiri hapa. Nataka kukuuliza: ilikuwa mashine kweli?

Dada yako


19 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni mara ya tano naianza barua hii. Nimesikia kwa mwalimu mkuu kwamba bomba limetolewa na unakunywa uji. Nashukuru. Sina haki ya kushukuru, lakini nashukuru.

Haikuwa mashine.

Kwenye kikao cha Machi mjumbe wa fedha alisema kitita ni kizito, lazima kitu kitupwe. Wakaanza kupitia ukurasa kwa ukurasa. Walipofika wa kumi na nne akasema jino haliui mtu, watu wamekuwa wakiumwa meno tangu enzi na enzi na bado tupo. Mwenyekiti akazungusha macho mezani, akafika kwangu. "Katibu, wewe umekulia kwa wananchi wenyewe. Watalalamika sana?"

Barua yako ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kiti changu. Katibu hana kura, lakini mimi niliulizwa. Nikasema, "Sina la kuongeza, mwenyekiti." Nilikuwa nangojea kupandishwa cheo, dada. Nikachukua rula, nikaukata ule mstari niliouchapa mwenyewe, tukaenda kunywa chai.

Niliporudi nyumbani nilitaka kukupigia. Nikasema kesho. Kila kesho iliyokuja ilikuwa nzito kuliko jana yake, na barua yako ya Aprili ilipofika nikaona njia nyepesi ni kuisingizia mashine. Ningekwambia kweli siku ileile, ungekopa hata kwa jirani ukaenda stendi, ukapona. Nimekuzuia mara mbili, kwa ahadi na kwa uongo.

Kitita kitapitiwa upya Februari. Safari hii nitasema. Niruhusu nije kukuona.

Mdogo wako


2 Novemba

Kitinda,

Hujambo. Sikukuandikia miezi hii kwa sababu kila nikifika kwenye "hujambo" kalamu ilisimama. Leo nimeilazimisha. Wifi yangu mwambie nimepata mtandio alionitumia, unafunika kovu vizuri.

Nilirudi shuleni Agosti. Kinywa changu kinafunguka upana wa vidole viwili, basi. Huwezi kumfundisha mtoto wa miaka sita kutamka kwa kinywa kinachofunguka vidole viwili. Wanaiga unachowaonyesha, na mimi nilikuwa nawaonyesha mnong'ono. Wiki ya tatu nikasikia darasa zima linanong'ona kama mimi. Nikaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu nikamwomba anitoe. Sasa niko stoo ya vitabu. Nahesabu, nagundisha majalada, nafuta vumbi. Miaka ishirini na saba ubaoni imeishia hapo.

Wananiambia nitawekewa meno ya bandia. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini nitayaweka, angalau nitafune.

Majirani hawanilaumu kwa mdomo. Mama mmoja aliniletea kadi yake nyumbani, akaiweka mezani kwa heshima kabisa, akasema, "Mwalimu, mwanangu anaumwa jino, nifanye nini na hii?"  Nilimpa hela niliyokuwa nayo, akaenda stendi.

Wazee wetu husema kimya kingi kina mshindo. Chako hakikuwa na mshindo, kilikuwa na usaha. Nimekusamehe kwa ulimi, moyo bado uko njiani, unatembea kwa mguu. Kwa hiyo usije kwa sasa. Lakini ukipewa tena nafasi ya kusema, sema.

Dada yako


17 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini taya halikusumbui. Sisi hatujambo, na leo hatujambo zaidi ya siku zote.

Meno yamo. Na safari hii si ya mdomo wangu tu, muhuri umegongwa na nimeambatanisha nakala uione kwa macho yako. Kung'oa, kuziba, kutibu usaha, kwa kila mwenye kadi, mkubwa na mdogo, kuanzia Julai. Sikungoja kuulizwa. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi wako, mwenyekiti akashangaa, akaniruhusu. Nilieleza kisa chako chote, tangu jino mpaka shingo. Niliwaonyesha gharama ya siku zako za wodini, na watu wangapi wangeng'olewa meno kwa fedha hiyohiyo. Mjumbe wa fedha alivua miwani. 

Baadaye watu walinipa mkono. Nilitamani ungekuwepo.

Sasa niruhusu nije. Nitakuja na wifi yako, na hiyo kadi ya yule mama nitaiona mwenyewe.

Mdogo wako, Kitinda


26 Februari

Kitinda,

Hujambo, na wifi hajambo? Taya halijambo, kovu linawasha asubuhi tu.

Nakala nimeipata. Nimeibandika mlangoni mwa stoo, na mwenyekiti wa mtaa ameomba nyingine aibandike dukani. Yule mama alipoisoma alikaa kwenye ngazi akalia kidogo, akaondoka na kadi yake. Umefanya jambo, na mimi dada yako nakupongeza kwa moyo wote.

Lakini nilikuwepo.

Tangazo la kikao cha wazi lilibandikwa hospitali. Fundi baiskeli akasema, "Mwalimu, twende tukamsikie ndugu yako." Tulipanda basi la kwanza. Tulikaa benchi la mwisho, nyuma ya nguzo, mimi na mtandio wangu. Nilikuona ukinyoosha mkono. Ulisema vizuri, Kitinda. Sauti haikutetemeka. Nilikuwa nimeshika mkono wa fundi baiskeli kwa nguvu, mpaka akaniambia namuumiza.

Kisha mjumbe wa fedha akakuuliza, "Huyu mgonjwa unamfahamu?"

Ukasema, "Hapana, mheshimiwa. Ni taarifa iliyotufikia ofisini."

Fundi baiskeli alianza kuinuka, nikamvuta shati akaketi. Tukatoka kabla ya watu kukupa mkono. Kwenye basi alinunua maji akanifungulia chupa.

Najua kwa nini. Wangesema unampigania ndugu yako, hoja yote ikaanguka. Labda ulifanya hesabu sahihi, na watu wengi watapona kwa hesabu hiyo. Nimejieleza hivyo siku tisa. Lakini miezi yote hii nilidhani kilichonivunja ni kisu, na siku ile nikiwa nyuma ya nguzo nikajua kisu kilikuwa kidogo.

Sitaki barua nyingine ya kuomba radhi. Una mwandiko mzuri mno, unanidanganya.

Shule inafungwa tarehe kumi Aprili. Ukitaka kuja, njoo kabla ya hapo, siku ya kazi, stoo iko nyuma ya darasa la kwanza. Getini wameweka mlinzi mpya, hakujui, na hapitishi mtu mpaka ajieleze. Atakuuliza unamtaka nani, na wewe ni nani wake. Mjibu, atakuelekeza.

Dada yako