Gari la Kuvutwa Nyuma

Hays, Kansas
3 Machi

Dada Lavonne,

Salamu nyingi. Mimi na paka tu wazima, ila mgongo ndio ule ule. Natumaini nawe u mzima, maana nina maneno nawe na sipendi kugombana na mgonjwa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Tulikubaliana mezani kwangu, siku ya Shukrani, bata mzinga bado wa moto: tuuze nyumba zetu, tuchague gari la kuishi, tuzeekee barabarani. Tuchague pamoja, Lavonne. Jana binamu yetu Doris akanionyesha picha yako umesimama mbele ya basi refu kama ghala, funguo mkononi, unacheka. Mimi nilitaka dogo, ambalo hata mimi ningeliendesha. Na hicho kigari chekundu ulichokifunga nyuma ni cha nini?

Dalali wa nyumba anakuja wiki ijayo. Nyumba hii ndiyo kitu pekee duniani kilicho changu. Nikitia saini sina pa kurudi, na sasa sijui nimwambie nini.

Mdogo wako,
Trudy

Tucson, Arizona
19 Machi

Mdogo wangu Trudy,

Barua yako imechelewa kwa kuwa imezungukia Dakota Kusini, kwa wale wanaotupokelea barua sisi tusio na nyumba. Mimi mzima, goti limepona. Pole na mgongo; punguza kumbeba huyo paka.

Kuchagua pamoja? Nimekuburuta kwenye maonyesho mpaka wauzaji wakatujua kwa majina. Ulifungua makabati, ukakalia vyoo, ukasema utafikiria. Tungengoja fikira zako tungefikia kaburini. Hayo madogo ni ya likizo, mama. Mtu wa kuishi humo kiangazi na baridi anataka tangi kubwa la maji machafu, la sivyo kila uchao yuko kwenye shimo anamwaga. Ukipakia na masufuria yako ya chuma, magurudumu yatalia.

Na basi haliendi dukani. Ukishaegesha, ukaunga maji na umeme, huwezi kung'oa nyumba nzima kwa ajili ya chupa ya maziwa. Ndiyo maana watu wote huku wanavuta gari. Tena kwa kuwa umeuliza, nikwambie kweli: kigari kile ni cha mimi kuondokea siku utakaponichosha. Na utanichosha, kazi hiyo uliianza utotoni.

Uza nyumba. Juni nakuja kukuchukua, tufanye safari ya majaribio.

Dada yako,
Lavonne

Hays
2 Aprili

Dada,

Hujambo? Mimi sijambo, ingawa si kwa msaada wako.

Asante kwa ukweli. Kwa hiyo wewe una cha kuondokea, mimi nina nini? Hata mama alipokuwa kitandani ulikuwa unaondoka hivyo hivyo. Mumeo anapiga honi, unachukua mkoba, "Trudy, utaweza." Nikabaki na bakuli la supu. Niliweza, lakini sijasahau.

Nitakuja kujaribu. Dalali nimemwambia asubiri.

Mdogo wako,
Trudy

Pueblo, Colorado
21 Juni

Trudy,

Afya yako sikuulizi. Ya kwangu ni mbaya na wewe ndiwe ugonjwa.

Sawa, nilikosea kuingia kwenye kile kituo cha mafuta bila kutazama kama kina njia ya kutokea. Kila mtu wa maisha haya hukosea hivyo mara moja. Gari likivutwa magurudumu yote chini haliwezi kurudishwa nyuma, matairi ya mbele yanajikunja na chuma cha kuvutia kinapinda, kwa hiyo lazima lifunguliwe kwanza. Nikakuomba ushuke ulifungue. Nilisema maneno, ndiyo. Nani husema maneno mazuri akifungua zile pini za chuma cha kuvutia? Humu kambini kwa wenye magari ya kuishi, ndoa za miaka arobaini zimevunjikia hapo!

Nikageuza basi. Natazama kioo niambiwe "sawa, njoo," naona kigari changu kinaingia barabara kuu kuelekea Kansas, na wewe ndani! Madereva wa malori wakakupigia makofi. Paka wako umeniachia mimi, na amekojolea kiti cha dereva.

Sasa naenda kununua mkate kwa miguu, na goti langu hili. Rudisha gari langu kabla sijaita polisi.

Lavonne

Hays
8 Septemba

Dada yangu Lavonne,

Salamu. Mimi mzima, hata mgongo umetulia. Barua zako zote za matusi nimezisoma. Asante kwa kumlisha paka.

Hukuniomba nishuke. Ulisema, "Fungua, bwege we, angalau hilo utaliweza," watu wanasikiliza. Nikafungua. Nikaingia nilisogeze pembeni, kweli kabisa. Halafu nikaiona ile pembeni, nikaipita. Nililia mpaka mpakani mwa Kansas, kisha nikawa nacheka peke yangu. Sijawahi kuondoka mahali kabla yako.

Sasa sikia. Nyumba nimeiuza. Jana nimemkabidhi mke wa kijana mmoja funguo, nikakaa kwenye ngazi zisizo zangu tena. Siji kwako kuomba kitanda. Nimenunua gari langu la kuishi, dogo, na tangi lake ni dogo, nami nitalimwaga kila uchao na wewe utanyamaza. Kigari chako nakivuta mimi. Nimekifunga kwa mikono yangu, gia huru, breki ya mkono chini. Doris alisimama nyuma akinitajia taa ipi inawaka. Kisha nikatoka kufanya mazoezi barabarani, nikisimama kila baada ya mji kuzigusa pini.

Bado nina hasira nawe, na ya mama tutayasema ana kwa ana. Usihamie kusini kukimbia baridi kabla sijafika. Nimeshawaomba wenye kambi nafasi ya jirani na yako. Si ndani kwako, ni jirani.

Na ukiniona naingia, usitoke nje kunipungia mikono ya kuniongoza. Kaa ndani, unywe kahawa yako. Nitaegesha mwenyewe.

Mdogo wako,
Trudy